Kamyo ya Kumshusha Mama

Mume wangu alipoanza kazi ya kuinua kamyo, lile lori letu, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango wa lupango, ua wetu. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Sitajitetea: mimi sikuhitaji sababu kubwa.

Kwetu Uvira, mtaa wa Kasenga, kitu kizito hakiinuliwi na mtu mmoja. Ukipandisha paa la nyumba, ukivuta mtumbwi mpya, ukihamisha jiwe la kusagia, unaita watu. Wanakuja, wanainua, wanakunywa kasiksi, pombe yako ya ndizi, wanakusengenya kidogo nawe unasikia, kisha wanarudi kwao. Ndivyo jirani anavyojua ulicho nacho, na ndivyo wewe unavyojua kwamba jirani hana neno nawe. Anayeinua kitu kizito peke yake nyuma ya mlango ana lake jambo, na hiyo haikuwa miaka ya kuwa na lako jambo.

Uhuru tulikuwa tumeupata, tumeucheza, tumeuchoka kidogo, na sasa uasi ulikuwa umeshika milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi. Asubuhi walipita askari wa serikali wakitafuta waasi. Mchana walipita vijana wasiojulikana wakitafuta waliowapa askari maji ya kunywa. Watu walisalimiana wakitazamana mifukoni. Kanisani hata sala za kuombea amani zilifupishwa, kwa sababu hakuna aliyejua amani ya nani ingehesabiwa kuwa dhambi.

Mama yangu alikuwa huko huko juu, kando ya barabara ya Lemera, peke yake katika nyumba yake yenye migomba. Tangu mvua za kwanza miguu yake ilikuwa imevimba, na kutoka mlangoni hadi jikoni alikwenda kwa fimbo mbili. Wenzake wakisikia bunduki walikimbilia msituni, wakalala huko, wakarudi. Yeye alibaki ameketi. Habari hizo nililetewa na mwanamke aliyeshuka na kikapu cha maharage, nami nikamwomba mume wangu aende akamlete mama. Nilimwomba mara tatu, na mara zote tatu akasema haiwezekani.

"Kule kwenye mupando, mvua imechimba njia ya matairi, mawe yamebakia katikati," alisema. "Kamyo yetu iko chini. Tumbo yake itakalia mawe, na itabakia pale."

"Basi na mama yangu abakie pale," nikamjibu, nikaondoka na sufuria yangu.

Hiyo kamyo haikuwa yetu tangu mwanzo. Mume wangu alikuwa dereva na fundi wa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba bondeni, na siku mzungu alipovuka kwenda Burundi na mkoba mmoja, alimwachia funguo akisema atarudi baada ya majuma mawili. Tulimngoja, kisha tukaacha kumngoja. Ilikuwa kamyo ya bondeni, iliyozoea udongo laini, na kweli tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi.

Siku nne baada ya ile sufuria, mlango ukafungwa. Nilimkuta mume wangu ameweka kriki, jeki lake la mkono, chini ya shasi, anapampu, na kila kamyo ilipopanda kidogo alisukumia gogo chini yake. Karibu na ukuta alikuwa ameegesha mabamba ya chuma marefu, yamepinda na kuota kutu. Niliyatambua. Yalikuwa ya resori za kamyo iliyoungua zamani kwenye njia ya Sange, yale mabamba yanayopangwa moja juu ya jingine ili kubeba uzito juu ya ekseli. Sikumbuki kumwona akiyaleta, na mimi ni mtu ninayeona yanayoingia nyumbani kwangu.

"Papa, unainua kamyo ju ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Ju ya mama yako."

Hakuinua hata uso. Alijibu upesi hivyo, kama mtu aliyeulizwa saa. Nami nikakumbuka siku alipokuja kuniposa, mama yangu alivyoninong'oneza baada ya wageni kuondoka: "Huyu kijana anajibu mbio sana." Mama alikuwa mtu wa namna hiyo. Yai alilitia majini kabla ya kulinunua, samaki wadogo wa ndagala aliwageuza mpaka wa chini kabisa, na mchungaji akihubiri vizuri kupita kawaida mama aliuliza ana shida gani. Mimi ni binti yake wa pekee na nilirithi kila kitu isipokuwa migomba.

Basi nikakaa na lile jibu nikiwa namenya mihogo. Aliyesema hapana mara tatu hasemi ndiyo bila kuombwa mara ya nne. Kwa hiyo kama ameombwa, hakuombwa na mimi. Tena tangu lini akampenda mama yangu kiasi hicho? Sisemi walikuwa na ugomvi. Walikuwa na heshima, na heshima ya kwetu ni ya mbali. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawaketi benchi moja, na hawasemezani ana kwa ana. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa katikati: binti, au mjukuu, hata awe mchanga wa kunyonya. Mama aliposhuka kumwona mtoto wetu, miguu yake ikiwa bado mizima, mume wangu alisimama nje ya mlango akamwambia mtoto wa siku nane, "Uliza bibi kama amekula." Mama, mtoto akiwa mapajani pake, akasema, "Ambia baba yako nimekula, asante." Mtoto alikuwa amelala wakati wote huo.

Niliona nimempata. Nikarudi na kisu mkononi.

"Kamyo ikipanda hivi, mama atapanda namna gani? Miguu yake haikunjike. Weye utamubeba? Weye mukwe wake?"

"Nitarudi nyuma mpaka ku ukingo ya barabara, pale karibu na nyumba yake. Udongo na kamyo bitakuwa sawasawa. Ataingia kama muntu anaingia mu nyumba."

Jibu hilo lilikuwa zuri, na ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Angebabaika kidogo ningemwamini.

Kazi ilimchukua siku nne. Nati za zile bulo, bolti zilizoshika resori kwenye ekseli zilikuwa zimeganda, akazinywesha mafuta ya mawese usiku kucha, na asubuhi zikalegea zikinuka kama jikoni. Bulo za zamani zikawa fupi kwa unene mpya, akaenda kwa mhunzi wa Kasenga akapinda nyingine ndefu. Aliongeza bamba moja kila upande mbele, mawili kila upande nyuma, akayafunga kwa waya kabla ya kuyakaza. Aliposhusha kamyo chini, mpira wa breki ukavutika mpaka ukakaribia kukatika, kwa sababu kamyo ilikuwa imepanda lakini mpira ulibaki na urefu wake ule ule. Alitukana kwa Kifuliiru, lugha anayoitunzia mambo ya ndani kabisa, akalala chali chini tena nusu siku. Jioni aliifunika kamyo kwa majani ya migomba.

Majirani wawili walikuja kubisha, wakasema wamesikia nyundo, wako tayari kusaidia. Mume wangu alitoa kichwa nje ya mlango na kusema amekwisha, asante. Kisha nyundo ikalia tena kabla hawajafika kwao. Chuma hakina siri. Mimi niliyekuwa ndani niliona aibu kuliko wao.

Baadaye sana nilielewa kwa nini alifunga. Wenye bunduki, wa pande zote mbili, walikuwa wakichukua kamyo za watu, na kamyo mbovu iliyolala kwenye magogo haichukuliwi. Inayoonekana ikitengenezwa inachukuliwa hata kabla haijakwisha. Hilo lilikuwa jambo rahisi, na angeweza kuniambia. Lakini alijua kwamba lililoingia sikioni mwangu asubuhi, saa sita lilikuwa limefika kisimani. Naye alikuwa ananishuku mimi, na alikuwa na haki.

Siku ya tatu jirani yangu, mama mmoja muuza ndagala ambaye uzio wetu ulikuwa mmoja, alinisogelea kupitia tundu la matete.

"Bwana yako iko anainua kamyo?"

"Iko anatengeneza breki," nikasema. Hata mimi nilikuwa nimeanza kujibu mbio.

"Mm. Weye hujue maaskari ya ku barrière banaangaliaka nini? Banaangaliaka matako ya kamyo. Ikibeba, inainama. Ile yenu itabeba na haitainama. Itabeba masasi, batasema haina kitu."

Nilimwambia kwamba mume wangu si mtu wa masasi, wa kubebea waasi risasi. Akaguna. Akaniambia pia, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, kwamba wanaume wanaokwenda kwa waasi siku hizi wanatanguliza watoto wao. Mtoto akishafika kule, mke atafuata tu, au angalau atafunga mdomo. Alikuwa amelisikia sokoni. Nami nilikuwa mtu wa kusema "lisemwalo lipo", hasa likiwa baya.

Alasiri hiyo mume wangu alipokwenda kuoga ziwani, niliingia ndani ya kamyo. Nilipanda kwa shida, ngazi ilikuwa imefika usawa wa kiuno changu. Nyuma ya kiti nikakuta blanketi mbili zetu, kamba mpya, na godoro dogo la nyasi, limeshonwa kwa mkono wa kiume, mishono kila mmoja na njia yake. Mwanaume aliyeketi mahali akashona godoro kwa siri! Lilikuwa la mtu mmoja. Nilianza kuwahesabu wanawake wote wa Lemera niliowafahamu, nikafika wa sita, kisha nikakumbuka masasi nikaacha wanawake. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu mwenye miguu iliyovimba hawezi kuketi kwenye mbao za kamyo inayopanda mawe. Kwa kweli ilinijia. Nikaifukuza, kwa sababu ingenilazimu kumwomba radhi.

Asubuhi ya tano aliondoa majani ya migomba, akafungua mlango wote, na kamyo ikasimama pale juu, ngeni kabisa, chini yake panaonekana mpaka upande wa pili. Alikuja jikoni amevaa shati la kanisani.

"Vaa. Twende pamoya. Twende tumulete mama."

Huo ulikuwa mwaliko, na leo nausikia jinsi ulivyokuwa. Asubuhi ile nilisikia kingine. Nilisikia mtu anayetaka mwanamke mwenye mtoto aketi mbele, ili askari wa barrière, kile kizuizi cha barabarani, wasipekue nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

"Miye siendi. Mutoto iko na homa."

Mtoto hakuwa na homa. Alikuwa na miezi saba na afya ya ng'ombe wa Rurambo, amekaa mkekani anatafuna kamba ya chupi yake. Mume wangu alimtazama, akanitazama. Alirudi kwenye kamyo, akaangalia kitu kisichohitaji kuangaliwa, kisha akaja tena.

"Kama weye huende, nipe mutoto. Nitamufunika muzuri. Kesho tutakuwa tumerudi, atakula uji."

Maneno ya jirani yote yalisimama mbele yangu kwa mstari: wanatanguliza watoto. Nilimnyakua mtoto mkekani, nikamkumbatia mpaka akalia.

"Mutoto wangu haendi fasi yoyote!"

"Nitasema namna gani na mama yako?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nitafika kule miye moya. Nani atakuwa katikati?"

"Utajua mwenyewe. Weye majibu haikupungukie."

Alisimama kidogo. Nadhani kama ningemwona mtu mwingine amesimama vile ningemhurumia. Kisha akapanda ndani ya ile kamyo yake ndefu, akatoka taratibu, na jirani yangu alikuwa kwenye uzio kuchunguza kama ninalia. Sikulia. Niliona nimeokoa mtoto wangu, na siku nzima nilitembea nikiwa na fahari hiyo, nikimbeba mtoto mgongoni hata chooni.

Usiku huo hakurudi, kama alivyosema. Siku ya pili alasiri nikasikia injini. Nilikimbia mpaka barabarani. Nilitazama kwanza mbele, kama kuna mwanamke mwingine. Ndiyo, hicho ndicho nilichotazama kwanza. Kisha nikatazama nyuma. Kulikuwa na godoro, na blanketi zimekunjwa juu yake, hazijafunguliwa. Kamyo ilikuwa na tope mpaka vioo.

Alishuka, akapita mbele yangu, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto.

"Homa imetoka?"

"Imetoka," nikasema.

Aliomba maji, akanywa kopo zima. Kisha akaketi kwenye gogo mojawapo la yale aliyokuwa akisukumia chini ya kamyo, akanisimulia akitazama chini.

Kwenye kizuizi askari walimzuia nusu siku. Walilala chini ya kamyo, wakapima kwa fimbo, wakamuuliza anaficha nini, akawaambia anamfuata mama mkwe. Walicheka. Mmoja akasema hakuna mwanaume duniani anayepandisha kamyo kwa ajili ya mama mkwe. Wakamwacha kwa sababu hawakukuta kitu. Kwenye ule mpando wa mawe, kamyo ilipita. Hapo tu aliinua uso. Haikugusa jiwe hata moja, alisema, si kwenda wala kurudi.

Kijijini hakukuta mtu. Wote walikuwa msituni. Alirudi nyuma mpaka kwenye ukingo, sakafu ya kamyo ikawa sawasawa na udongo kama alivyosema, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa mama. Mama alikuwa ameketi ndani, mlango wazi. Mume wangu akasimama penye migomba, kwa heshima, amegeuza uso, na hakuna binti wala mjukuu wa kupitishia neno. Kulikuwa na kuku mmoja uani. Akamsemesha kuku.

"Kuku, ambia mama, mutoto wake ananituma. Kamyo iko hapa. Bunduki iko karibu. Twende Uvira."

Mama naye akamjibu kuku.

"Kuku, uliza huyu bwana: binti yangu iko wapi?"

"Ambia mama, amebakia na mutoto. Mutoto iko na homa."

"Na kamyo hii, ju ya nini imekuwa ndefu hivi? Zamani haikukuwa hivi."

Alimweleza kuku habari za mawe, za resori, za mpira wa breki. Alimweleza yote, mbio mbio, kwa sababu milio ilikuwa inasikika upande wa pili wa kilima. Mama alisikiliza. Ninamjua mama yangu, najua alivyokuwa anasikiliza: alikuwa anaitia kila sentensi majini aone kama inaelea.

Hakutoka. Mume wangu alilala ndani ya kamyo pale pale ukingoni. Alfajiri alimsemesha kuku tena, na mama hakujibu. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulisimulia tena kwa mtu yeyote hadi kufa kwake. Aliacha migomba, akaingia ndani kwa mama mkwe wake, akapiga magoti, akamnyooshea mikono yote miwili ambebe. Mama akavuta kitenge chake akajifunika uso wote, kama mtu aliyeona uchi, na kutoka chini ya kitenge akasema neno la mwisho, si kwa kuku tena.

Barabara ya Lemera ilifungwa juma lile lile. Kamyo waliichukua wenye bunduki kabla mwezi haujaisha, na mama yangu sikumwona tena, wala hatukujua siku aliyokufa, wala aliyemzika kama yuko. Lakini siku ile bado nilikuwa na tumaini, nikamuuliza mume wangu mama alisema neno gani.

"Alisema, 'Kama ni binti yangu anamutuma huyu, angemupa mutoto.'"

Nilikuwa nimesimama na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa vitenge viwili ili asichukuliwe. Mume wangu alikuwa anangoja niseme kwamba mama alikosea. Mama hakukosea. Asubuhi ile mimi sikumtuma.